Karatasi Chini ya Sahani

Mererid ndiye aliyenieleza haya, mwaka juzi mwezi wa kumi, tukiwa jikoni kwake tunaosha mwani. Mwani mweusi wa miambani huoshwa maji saba, maana mchanga wake hauna haya, ukiufukuza mlangoni unarudi dirishani. Kwa hiyo tulikuwa na muda. Mama mkwe wake, Lowri, alikuwa kwenye kiti chake kando ya jiko, na mara mbili alimkatiza: "Sivyo, hiyo ilikuwa Jumatatu." Basi haya ni maneno ya Mererid, pamoja na masahihisho ya mzee.

Barua ilifika juma la kwanza la Julai, Mererid akiwa anakanda mkate. Nyumba yao pale Aberwylan, kijiji cha pwani, ni ya mwisho kabla ya gati, na chumba cha mbele kina meza sita za kulia. Mlangoni hakuna jina. Kuna ubao tu, ambao mumewe Idwal aliupaka rangi mwaka walioanza kupikia watu: UNACHOKULA HAPA UNAWEZA KUKIONA DIRISHANI. Na ni kweli. Ukikaa meza ya kwanza unaliona shamba la viazi la Dilwyn. Ukikaa ya tatu unaona maboya ya madema ya Elis, yale anayotegea kaa. Ukikaa ya sita unawaona kuku wa Olwen, na siku ya upepo unamwona Olwen mwenyewe akiwafukuza.

Idwal alikuwa dereva wa basi la shule, asubuhi na jioni. Mchana alihudumia meza. Akaifungua barua kwa kisu cha siagi.

"Ni wale wa kitabu," akasema.

Kitabu hicho kinaitwa Meza za Pwani. Watu wanaokuja likizo hukibeba garini, kiwaonyeshe wapi watakula chakula cha palepale, kisichosafirishwa. Jina lao lilikuwamo miaka kumi na miwili. Katika kila wageni kumi waliogonga mlango ule kiangazi, wanane walikuwa nacho mkononi.

"Soma basi, mikono yangu ina unga."

"Wanasema tuthibitishe. Kila chakula kiwe na karatasi yake. Nani kakitoa, wapi, tarehe gani, umbali gani, na saini. Atakuja mtu Alhamisi ya juma la tatu kuzitazama. Asiye na karatasi, kitabu cha mwakani hayumo."

"Kututhibitisha sisi? Waje wachungulie dirishani!"

"Dirisha haliwekwi kwenye faili, mke wangu."

Lowri akauliza kutoka jikoni, "Na ile hoteli ya mlimani, nao wameambiwa?"

"Hoteli wana faili tangu siku ya kuzaliwa," Idwal akasema. "Lori la friza likija, karatasi ndiyo inayoshuka kwanza."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mtaa ule una nyumba kumi na moja. Saba zilikuwa zimeshauzwa kwa watu wa likizo, na majira ya baridi taa zinazowaka ni nne. Bila kitabu wageni wasingefika, na bila wageni mshahara wa basi la shule peke yake usingeitunza nyumba. Mererid hakuhitaji kuambiwa ya nane ingekuwa ipi.

"Ni karatasi tu," akasema, akaupiga unga konde. "Wiki hii nitazimaliza."

Mayai yalikuwa rahisi. Olwen wa Mayai alitia saini mara tatu, na pembeni akachora kuku. Nyama ya kondoo ilikuwa rahisi zaidi, kwani kondoo wa nchi ile wana karatasi nyingi kuliko watu. Kila mmoja ana namba sikioni, na ukimuuliza mamaye alikuwa nani, ofisi itakujibu.

Kwa Elis ndiko mambo yalikoanza kupinda.

Elis wa Kaa alikuwa chini gatini, anaosha mapipa ya chambo. Kila asubuhi ya kwenda baharini hukuta chupa yake ya kuhifadhi joto imejazwa supu, imewekwa kwenye kizingiti cha dirisha la Mererid. Na kila alasiri, mlangoni kwa Mererid, hukutwa ndoo yenye kaa wawili chini ya gunia bichi. Hakuna aliyewahi kusema lolote kuhusu chupa wala ndoo.

Mererid akampa karatasi. Elis akaisoma, akafuta mkono kwenye suruali, akairudisha.

"Dada, siwezi."

"Huwezi nini? Kalamu hii hapa."

"Kaa wangu wote wana mwenyewe, yuko Hispania. Nimetia saini kwamba kila kaa anayepanda mashua yangu anaingia lori la Alhamisi. Wote. Hao wawili wako hawajazaliwa."

"Elis, jana nimewapika."

"Umepika. Hukuandika." Akachungulia huku na huko, kana kwamba Mhispania amejificha nyuma ya mapipa. "Ndoo haisemi. Karatasi inasema, tena inasema mahali ambapo hujui. Niache, dada. Nina mashua moja tu."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Lakini kesho yake ndoo haikuwapo. Na keshokutwa, Mererid alipotoka na birika la supu, chupa nayo haikuwa kwenye kizingiti. Asiyekuwa na cha kuleta aliona haya kuchukua. Mererid akasimama pale mlangoni na birika linalofuka, majirani wakipita.

"Unamwagilia maua?" akauliza mmoja.

"Ndiyo," akasema, akaimwaga supu kwenye maua.

Kaa akafutwa kwenye orodha ya vyakula.

Dilwyn wa Viazi alikuwa na miaka sabini na moja, mgane kwa miaka tisa sasa. Wakati Beti mkewe anaumwa, Mererid alianza kuwapelekea chakula cha Jumapili, sahani ya bluu iliyofunikwa kwa sahani nyingine na kitambaa juu. Beti alipozikwa, sahani haikukoma. Na haikurudi tupu hata mara moja. Ilirudi na viazi, ndoo nzima nyuma yake. Ilirudi na vitunguu. Mwaka mmoja wa mvua mbaya ilirudi na mtoto wa paka, maana shamba lilikuwa limeoza na mzee hakuwa na kingine. Hilo la sahani kutorudi tupu, hakuna mtu wa pwani yoyote anayehitaji kuelezwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtu wa kitabu kuja, Mererid alitoka kanisani mbio, akapakua nyama, karoti na mchuzi. Ile karatasi akaikunja mara mbili. Juu ya sahani ingelowa mvuke, basi akaiweka chini, kati ya sahani na kiganja. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alikuwa na meza sita zinamngoja.

Dilwyn alipokea kwa mikono miwili kama kawaida, na karatasi ikaanguka juu ya kiatu chake.

"Hii nini?"

"Ah, karatasi tu. Ya wale wa kitabu. Weka saini pale chini, ule, chakula kisipoe."

Mzee akaiweka sahani juu ya ukuta, akatoa miwani mfukoni. Ilikuwa miwani ya Beti, ina vijiwe pembeni. Hajawahi kununua yake.

"'Mimi, msambazaji...' Msambazaji ni nani hapa?"

"Wewe."

"Nasambaza nini?"

"Viazi, mzee wangu. Usinifanyie hivyo, nina haraka."

"Miaka tisa nimekuwa nasambaza, na sikujua." Akaisogeza karatasi mbali na macho, kisha karibu. "'Kwa makubaliano ya...' Makubaliano gani? Mimi na wewe tulikubaliana lini?"

"Hatukukubaliana! Ndiyo maneno yao tu. Kila mtu anajaza."

"Kwa hiyo viazi nilikuwa nakuuzia. Na hii sahani ndiyo malipo."

"Dilwyn, sijasema hivyo."

"Karatasi imesema. Umeileta wewe." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Jumapili ile Beti hakuweza kumeza, ukamsagia karoti ukamlisha kwa kijiko cha chai. Ile nayo niiandike? Ilikuwa tarehe ngapi? Maana naona hapa pameachwa mahali pa tarehe."

Mererid alikuwa amechoka, na uchovu ukamsemea.

"Ni karatasi tu, mzee! Karatasi tu! Nikifunga mlango wangu, sahani hii itatoka wapi?"

"Kama ni karatasi tu," Dilwyn akasema, "mbona umeiweka chini, nisiione mpaka nimeshashika chakula?"

Angesema ni mvuke, na ilikuwa kweli ni mvuke, lakini ziko kweli ambazo ukizisema zinanuka uongo. Akageuka akateremka, na nyuma yake akasikia mlango unafungwa polepole, kama mlango wa mtu mwenye adabu.

Jumatatu asubuhi Lowri ndiye aliyefungua mlango wa mbele. Hakurudi jikoni, hata Mererid akaja kutazama.

Sahani ya bluu ilikuwa kizingitini. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Juu yake hakuna kitu. Mererid aliinyanyua, na chini yake, imekunjwa mara mbili vilevile, ilikuwa ile karatasi. Imejazwa yote kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kuandika kwenye kibao. Jina, shamba, hatua mia nane. Saini. Penye tarehe, Dilwyn alikuwa ameandika tarehe ya jana.

"Basi ametia saini," akasema Idwal aliyekuwa anatafuta funguo za basi. "Si ndicho ulichotaka?"

Lowri akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama maziwa yaliyochacha. "Idwal, mwanangu, nenda kazini."

"Nimesema nini?"

"Nenda."

Mererid aliiweka sahani juu ya kabati, mahali pa kuonekana, akashindwa kuitazama siku nzima.

Basi karatasi ya viazi ilikuwapo, viazi havikuwapo. Jumatano, siku moja kabla ya mtu wa kitabu, Mererid alipanda gari akaenda duka kubwa la mjini, maili kumi na nne, asionekane. Akachagua gunia la kilo kumi. Viazi vimeoshwa, vyote ukubwa mmoja, kama meno ya bandia. Alipofika kwenye foleni ya kulipa, mbele yake alikuwa amesimama Olwen wa Mayai na pakiti ya sabuni.

"Mererid! Ni wewe?" Macho ya Olwen yakashuka kwenye gunia, yakabaki hapo. "Viazi?"

"Vya... vya kuku."

"Kuku ninao mimi, mpenzi."

Watu wawili nyuma wakajikohoza. Mererid akalipa, chenji ikamwanguka, na Olwen akamsaidia kuokota, kwa upole mwingi ambao ulikuwa mbaya kuliko kuchekwa. Kabla basi la shule halijarudi jioni ile, Aberwylan yote ilikuwa inajua.

Ikabaki mwani. Mwani ulikuwa kazi ya Lowri. Aliuchuma mwenyewe maji yakikupwa, akauosha, akauchemsha tangu asubuhi hadi alasiri mpaka ukawa kama lami laini, akauchanganya na unga wa oti na kuukaanga vidonge kwenye mafuta ya nyama. Hicho ndicho wageni walichorudia mwaka hadi mwaka. Karatasi yake aliijaza mwenyewe. Penye jina la mtoaji aliandika: Bahari.

"Mama, hawatakubali."

"Waniletee mwingine aliyeutoa, nitalifuta."

Mtu wa kitabu alikuwa msichana mpole, Siwan Vaughan, amevaa viatu vya mjini. Aliingia saa saba mchana, akakaa meza ya kwanza, akasifu mkate. Idwal alivaa shati jeupe na tai, akamhudumia kama mkuu wa wilaya. Faili ilikuwa pale pembeni ya sahani, na Siwan alikula kwa mkono mmoja huku mwingine unafungua kurasa.

"Kondoo, sawa. Mayai, sawa." Akatabasamu. "Huyu kuku amechorwa vizuri."

Kisha akaonja kidonge cha mwani. Akafumba macho. Akaonja tena.

"Mama yangu mdogo alikuwa anapika hivi," akasema. "Tangu amefariki sijala. Nani amepika?"

"Mimi hapa," Lowri akasema kutoka kwenye kiti chake, mlango wa jikoni ukiwa wazi.

"Mikono yako ibarikiwe, bibi." Akafungua ukurasa, akasoma, na tabasamu likapungua. "Hapa pameandikwa Bahari."

"Ndiyo."

"Lakini ile miamba, bibi, mwenyewe ni nani?"

"Maji yakitoka ni yetu. Maji yakirudi ni ya samaki."

"Naelewa. Ila lazima awepo mtu aliyetoa ruhusa, aweke saini."

"Mama yangu alichuma pale, na mama yake. Wakachimbuliwe waulizwe?"

"Mama," Mererid akasema kwa sauti ya chini.

Siwan alikuwa ameona haya, hilo lilionekana. Lakini alikuwa na kazi yake. "Samahani sana, bibi. Kwenye kitabu sitaweza kuuandika. Na mkitaka kubaki, itabidi msiuweke mezani kwa wageni." Akakisogeza kisahani cha mwani kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. Kidonge cha tatu kilikuwa kimeumwa nusu.

Lowri alivuta shali yake akaitazama mikono yake.

Siwan, akitaka kufurahisha, akachukua kiazi. "Lakini hivi viazi, jamani! Mtu anasikia tofauti. Vina ladha ya udongo wa pwani, chumvi kwa mbali." Akachungulia dirishani. "Ni shamba lile pale? Hatua mia nane! Hiki ndicho watu wanachokitafuta. Nitakiandika mwanzo kabisa." Akaandika. Kisha akafunga kofia ya kalamu, akaifunga na faili. "Bi Mererid, kwa upande wangu mmepita."

Nyuma yake Idwal alifumba macho kwa shukrani.

Mererid alikuwa amesimama na jagi la maji. Alimtazama mama mkwe wake. Alikitazama kile kisahani ukingoni. Akasema baadaye kwamba hakuamua kusema, maneno yalitoka tu, kama maziwa yanavyofurika sufuriani.

"Si vya shamba lile."

"Samahani?"

"Viazi. Vimetoka mjini kwenye gunia. Vimeoshwa na mashine. Vimetoka wapi kabla ya hapo, sijui, labda ng'ambo."

"Lakini karatasi..."

"Karatasi ni ya kweli. Mwenyewe ametia saini. Ni viazi ndivyo vya uongo."

Kwenye meza ya nne mgeni mmoja aliacha kutafuna. Siwan akaifungua tena kalamu yake, taratibu sana, kama mtu anayefungua bandeji.

"Kwa nini umeniambia? Nilikuwa nimeshafunga."

"Kwa sababu ule mwani ndio kitu pekee hapo mezani usichohitaji kuuliza umetoka wapi, na ndio uliousogeza."

Msichana akanywa maji. "Hoteli ya mlimani jana walinionyesha faili nene hivi," akasema, karibu kwa kunong'ona. "Sikuwauliza swali hata moja. Hakukuwa na la kuuliza." Akaandika mstari mmoja. "Nitaandika kwamba chakula hakikulingana na karatasi. Hakuna kisanduku kingine kwenye fomu, mama. Ningekuwa nacho ningekitumia."

Alipoondoka aliaga kila mtu. Kisahani cha mwani kilikuwa kitupu. Alikula akiwa amesimama, wakati Idwal ameenda kumletea koti.

Idwal alingoja mgeni wa mwisho atoke. Kisha akaivua tai ambayo hakuwa ameivaa tangu harusi ya binti yao.

"Alikuwa amefunga kalamu, Mererid. Nimeiona kwa macho yangu. Imefungwa!"

"Nami nimeiona."

"Miaka kumi na miwili! Kwa gunia la viazi! Ungenyamaza dakika mbili tu, dakika mbili, angepanda gari lake akaenda."

"Na mwakani ninyamaze tena? Na mwani wa mama niufiche kabatini kama pombe?"

"Mwakani tungeomba radhi kwa Dilwyn, tungepata viazi, karatasi na chakula vingepatana!"

"Wewe ungeomba? Siku ile ulisema si ndicho nilichotaka."

"Usinigeuzie! Karatasi uliipeleka wewe, na chini ya sahani uliiweka wewe." Akaona neno lilivyomwingia, lakini alikuwa ameshashika kasi. "Sasa hatuna kitabu, hatuna kaa, hatuna viazi, na wote wanatucheka. Haya, niambie, tuna nini?"

"Tuna ubao wako," Mererid akasema. "Unachokula hapa unaweza kukiona dirishani. Uliandika wewe. Leo uliliona duka la mjini dirishani?"

Idwal akatoka na bisibisi akaung'oe ubao. Lakini chumvi ya miaka kumi na miwili ilikuwa imezila skrubu. Moja ilikatika, tatu zikagoma kabisa. Alihangaika robo saa nzima, akamtukana fundi aliyezifunga, naye alikuwa ni yeye mwenyewe. Ubao ukabaki umelegea pembe moja. Akarudi ndani mikono ina damu, akajitupa kwenye kochi na kugeukia ukuta. Alipenda kulala akiwa na hasira. Alisema humpa usingizi mzito.

Lowri alikuwa jikoni anakaanga. Vidonge vinne, vitano, vya mwani uliobaki. Hakuinua kichwa.

"Ile sahani ya bluu iko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Imekaa tupu tangu Jumatatu. Ilete."

"Mama, leo si Jumapili."

"Na wewe si mtoto. Mwenye kosa hatazami kalenda."

"Kosa langu liko wapi? Nilikuwa natafuta riziki ya nyumba hii! Dilwyn angejua jinsi nilivyo... Kila mmoja ana heshima yake ya kulinda. Elis ana mashua yake, Dilwyn ana huzuni yake, yule msichana ana visanduku vyake. Mimi ndiye ninayezunguka na kalamu kama ombaomba."

Lowri akapanga vidonge juu ya sahani, kimoja kimoja. "Ndiyo," akasema. "Karatasi zimekuonea kweli, mwanangu. Sasa peleka, kisipoe."

Mererid akapanda njia ya shambani. Ilikuwa saa mbili usiku kwa saa, lakini Julai kule jua halina haraka, lilikuwa bado juu ya bahari. Akagonga. Dilwyn akafungua, ana soksi tu miguuni.

"Nimesikia umefeli," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Olwen."

"Olwen alikuwapo?"

"Olwen yupo kila mahali."

Mererid akamnyooshea sahani. Mzee hakuipokea kama alivyozoea. Aliishika ukingo kwa vidole viwili, akaiinua juu kuliko kichwa chake, akainama kidogo na kuchungulia chini yake. Akachungulia vizuri, upande huu na upande ule.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna."

"Mwani wa Lowri?"

"Nimeambiwa nisiupe wageni."

"Mimi si mgeni," Dilwyn akasema, akaingia ndani na sahani, akafunga mlango.

Basi. Hakumkaribisha wala hakumuaga. Mererid alisimama mbele ya mlango uliofungwa, asijue kama amesamehewa au amefukuzwa, na hasira zote za wiki mbili zikamrudia kwa pamoja, akateremka akipiga vijiwe vya njia kwa ncha ya kiatu kama mtoto wa shule.

Alipofika nyumbani Idwal alikuwa anakoroma. Lowri alikuwa amesinzia kwenye kiti, kijiko cha kukaangia bado mkononi. Mererid akakitoa taratibu na kumfunika shali. Akaosha sufuria. Akafuta meza zote sita, ingawa mwakani hakujua ni nani atakayezikalia. Gunia la mjini lilikuwa bado na kilo saba. Akalisukuma kwa mguu chini ya ngazi, asilione.

Akakaa meza ya kwanza kupumzisha miguu. Nje ubao uligonga ukuta, ukatulia. Mwanga ulikuwa mwekundu, umelala juu ya shamba la Dilwyn, na katikati ya shamba aliona mtu ameinama, anakanyaga uma wa kuchimbia, anainua, anakung'uta udongo, anaweka kitu kwenye kitu cha bluu, na kingine, na kingine.

Mererid alitaka kusimama akamfungulie mlango. Akajiambia njia ni ndefu, mzee hana mbio, atamngoja kwa kukaa. Akaweka shavu juu ya mkono, mezani, uso umeelekea dirishani. Dilwyn alikuwa hajafika hata kwenye lango la shamba, yeye akawa amelala.